Sura ya Nne: Tukio Kwanza, Fomula Baadaye

Maji ya Musoma hayachemki kwenye nyuzijoto 100. Mwanafunzi akitumbukiza kipimajoto katika maji yanayotokota, katika maabara yoyote ya mji huo, zebaki itapanda hadi karibu 96 na kukomea hapo. Akiongeza moto, mapovu yatazidi na mvuke utazidi, lakini zebaki haitapanda tena. Wengi wakifika hapo huandika 100 kwenye daftari. Kitabu kimesema 100, mtihani wa mwaka jana ulitaka 100, kwa hiyo kosa litakuwa la kipimajoto.

Kipimajoto hakina kosa. Kitabu nacho hakina kosa, ila kinazungumzia maji yaliyo usawa wa bahari, kama ya Tanga au Dar es Salaam. Maji huchemka pale mvuke unaojitengeneza ndani yake unapopata kanieneo ya kutosha kuisukuma hewa iliyoyakalia kwa juu. Musoma iko kando ya Ziwa Viktoria, na uso wa ziwa hilo uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliye Musoma ameiacha sehemu ya hewa chini yake; iliyobaki juu yake ni pungufu, na inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ile ya pwani. Mvuke hauhitaji joto lote la nyuzi 100 ili kuishinda. Kadirio linalotosha kwa kazi za shule ni kwamba kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja. Gawanya 1,134 kwa 300, utapata 3.8 hivi. Toa katika 100, inabaki 96.2. Butiama, iliyo juu zaidi ya ziwa, maji huchemka mapema zaidi kidogo. Ukienda na hesabu hiyo hiyo mpaka Kilele cha Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895, utaangukia karibu nyuzi 80, na hapo utaelewa kwa nini maharage yanaweza kutokota mlimani saa nyingi bila kuiva.

Ninaanza na maji haya kwa sababu yanafichua tabia inayowaangusha wanafunzi wa fizikia kuliko ugumu wa hesabu zenyewe: kuiamini fomula na kulipuuza tukio. Aliyeandika 100 badala ya 96 ametupa kitu cha thamani. Alikuwa ameshika mkononi kipimo cha mwinuko wa nchi yake kutoka usawa wa bahari, akakibadilisha na sentensi aliyoikariri.

Swali lolote la fizikia ni habari ya jambo lililotokea au linaloweza kutokea. Mtu anatembea, mtumbwi unaelea, basi linafunga breki. Lakini tazama jinsi maswali haya yanavyofanywa madarasani. Mwanafunzi husoma mara moja tu, tena haraka, akitafuta namba. Anaziorodhesha upande wa kushoto wa karatasi. Kisha anapekua kichwani fomula ambayo herufi zake zinalingana na orodha yake, anapachika namba, anakokotoa, anapigia jibu mistari miwili chini. Muda wote huo hajamwona mtu akitembea wala mtumbwi ukielea.

Sehemu ya tatizo hili si ya mwanafunzi. Mtoto wa Bunda amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani pengine anazungumza Kijita, Kiikizu au Kikurya, halafu sekondari anakutana na fizikia inayofundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Swali la mistari minne linakuwa mtihani wa lugha kabla halijawa mtihani wa sayansi, na namba ndizo pekee anazozitambua bila shaka. Ushauri wangu ni mmoja, na ninausisitiza kwa walimu pia: kabla ya kuandika chochote, msimulie mwenzako wa dawati kilichotokea katika swali, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kilianza wapi, kikaenda wapi, nini kilikuwa kinakisukuma, nini kilikuwa kinakizuia. Ukishindwa kusimulia, hujaelewa swali, na hakuna fomula itakayokuokoa. Ukiweza kusimulia, chora. Mchoro mbaya wenye mishale ya kani unatosha. Baada ya hapo kisia jibu, hata kwa kukosea, ndipo uanze hesabu. Hesabu ikiisha, lirudishe jibu kwenye tukio na uulize kama linawezekana.

Tuijaribu njia hiyo kwa safari maarufu. Mwaka 1934 kijana Kambarage Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama kwenda kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma. Mwendo ni kama kilomita 40. Tuchukulie kijana wa umri wake anautembea kwa miguu: atatumia muda gani?

Simulia kwanza. Ni kijana wa miaka kumi na miwili hivi, njia ina vilima na mabonde, atapumzika, atakunywa maji. Mtu mzima mwenye haraka hutembea kilomita 5 au 6 kwa saa. Mtoto katika mwendo mrefu labda 4 au 5. Kisia: akiondoka alfajiri, atafika jua likielekea kuzama. Sasa hesabu. Chukua kilomita 5 kwa saa, gawanya 40 kwa 5, ni saa 8 za kutembea bila kusimama. Ongeza mapumziko, umeufikia mchana kutwa. Jibu na kisio vimekutana.

Ukiona hesabu hii ni nyepesi mno, fikiria mwanafunzi aliyegeuza mgawanyo kwa haraka, akagawa 5 kwa 40, akapata 0.125. Kwenye karatasi namba hiyo inaonekana safi kabisa, yenye desimali tatu, na ataipigia mistari miwili. Lakini 0.125 ya saa ni dakika saba na nusu. Hakuna kiumbe aendaye kwa miguu atakayetoka Butiama mpaka Musoma kwa dakika saba na nusu. Aliyelirudisha jibu kwenye tukio analifuta palepale na kugundua kosa lake mwenyewe, bila kumsubiri mwalimu. Ukaguzi huu hauchukui hata nusu dakika, nao huokoa alama nyingi.

Ongeza ugumu kidogo. Anakwenda kwa kilomita 5 kwa saa, anarudi amechoka kwa kilomita 3 kwa saa. Wastani wa kasi yake kwa safari nzima ni ngapi? Darasa zima litajibu 4. Rudi njiani: kwenda ni saa 8, kurudi ni saa 13 na dakika 20. Alitumia muda mrefu zaidi akiwa kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo mwendo wa polepole lazima uwe na uzito mkubwa katika wastani. Kilomita 80 ukizigawa kwa saa 21 na theluthi unapata 3.75. Anayemwona mtu barabarani hawezi kudanganyika hapa. Anayeona namba mbili tu atazijumlisha na kugawa kwa mbili.

Tuingie wilaya hiyo hiyo ya Butiama, mpaka Buhemba, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni na wachimbaji wadogo wanaendelea kuitafuta. Mchimbaji anasaga mawe, anatia unga wake kwenye karai, anaongeza maji, kisha anazungusha na kutikisa. Mchanga mwepesi unamwagika na maji, na chini inabaki dhahabu. Kitabu kitakuambia sababu ni densiti, yaani wingi wa tungamo katika ujazo uleule: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya mchanga wa kawaida ina gramu 2.65. Dhahabu ni nzito mara saba na kidogo. Hapo somo huwa limeisha, na mwanafunzi anaandika.

Lakini mtu aliyetazama tukio vizuri atauliza swali ambalo kitabu hakikuuliza: kwa nini maji? Kama dhahabu ni nzito mara saba, kwa nini karai lisitikiswe kavu, hasa kiangazi ambapo maji ni ya kubeba kichwani?

Kumbuka kanuni ya Archimedes: kitu kilichozama hupunguziwa uzito sawasawa na uzito wa maji kilichoyasukuma kando. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Basi ndani ya maji, kila sentimita ya ujazo ya mchanga inakuwa kana kwamba ina gramu 1.65 tu, na ya dhahabu gramu 18.3. Gawanya 18.3 kwa 1.65: ni 11. Mchanga umepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, dhahabu imepoteza sehemu ndogo sana, na pengo baina yao limepanuka kutoka mara saba hadi mara kumi na moja. Tena chembe za mchanga zilizopunguziwa uzito namna hiyo hubebwa kirahisi na maji yanayozunguka. Wachimbaji wa Buhemba hufanya kazi hii kwa ustadi ambao darasa linaweza kuueleza kwa mistari mitatu ya hesabu, na ninaona ni hasara kubwa kwamba mtoto wa mchimbaji anaweza kumaliza kidato cha nne bila mtu kumwonyesha kwamba karai la baba yake na Archimedes ni somo moja.

Mchimbaji atakueleza pia kwamba chini ya karai, pamoja na dhahabu, hung'ang'ania mchanga mweusi. Huo mara nyingi una madini ya chuma, yenye densiti ya 5 hivi. Fanya mwenyewe hesabu ya uzito wake ndani ya maji, uulinganishe na mchanga wa kawaida na dhahabu, na utaona kwa nini unakuwa wa mwisho kuondoka. Kisha jiulize: mtu akikuletea kipande cha gramu 10 akidai ni dhahabu tupu, utakipima vipi kwa bomba la sindano lenye maji? Dhahabu ya gramu 10 inapandisha maji kwa nusu mililita tu. Shaba nyeupe, ile ya rangi ya njano inayofanana nayo, yenye densiti ya 8.5 hivi, inayapandisha kwa karibu mililita 1.2.

Sasa tushuke ziwani, maana kanuni hiyo hiyo ndiyo inayobeba mitumbwi ya dagaa inayotoka usiku ufukweni Musoma. Mtumbwi una maumbo magumu kukokotoa, kwa hiyo turahisishe: tuseme ni kama sanduku lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1. Kurahisisha kwa namna hii ni haki ya mwanafizikia, ilimradi aseme wazi amerahisisha nini. Eneo linalokalia maji ni mita za mraba 6. Ili mtumbwi uzame sentimita moja zaidi, lazima usukume kando maji yenye ujazo wa 6 mara 0.01, yaani mita za ujazo 0.06, ambazo ni kilo 60. Kwa hiyo kila abiria wa kilo 60 anayeingia anaushusha mtumbwi sentimita moja. Kumi wakiingia, ni sentimita kumi. Mzigo wa samaki wa kilo 300 ni sentimita tano nyingine. Ukijua ukingo uko sentimita ngapi juu ya maji mtumbwi ukiwa mtupu, unaweza kujua kabla ya safari ni nini kitabaki, na kama kinachobaki kinatosha mbele ya mawimbi ya mchana, upepo wa ziwa unapovuma kuja nchi kavu.

Hesabu hiyo ni ya kuelea. Kupinduka ni jambo jingine, na hapa ninaomba uangalifu wote wa msomaji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichobeba jina la Mwalimu wa Butiama, kilipinduka karibu na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, mkoani Mwanza, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Miaka ishirini na miwili kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imepinduka ikikaribia Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Fizikia ya misiba hii ni ya kidato cha pili.

Chora kivuko kwa mbele. Uzito wote wa chombo na vilivyomo unaweza kuchukuliwa kana kwamba unavuta chini kupitia nukta moja, kitovu cha uzito. Kani ya maji inayokiinua inasukuma juu kupitia nukta nyingine, katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiwa wima, nukta hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja. Kikiinama kulia, sehemu iliyozama inakuwa kubwa upande wa kulia, na kani ya maji inahamia huko huko na kukisukuma kirudi wima. Hiyo ndiyo inayookoa safari za kila siku. Lakini kitovu cha uzito kikiwa juu mno, kwa sababu mizigo imepangwa juu au watu wamesimama, kinapoinama uzito unahamia kulia kuliko kani ya maji ilivyohamia. Kani zile zile mbili ambazo zingekirudisha sasa zinamalizia kukipindua.

Ongeza watu wanaosogea. Chukua abiria 100 wa kilo 60 kila mmoja, ni tani 6. Wakisogea pamoja mita 2 kwenda upande mmoja ili wawahi kushuka, wamezalisha momenti ya tani 6 mara mita 2, yaani tani-mita 12. Uzito wa chombo haujaongezeka hata gramu moja. Kina kilichozama ni kile kile. Mtu aliyehesabu kuelea peke yake angesema chombo kiko salama. Ndiyo sababu wanaojua maji huwaambia abiria wakae chini na wabaki mahali pao mpaka chombo kifungwe gatini, na ndiyo sababu idadi ya abiria inayoandikwa ubavuni mwa kivuko haipaswi kujadiliwa na mtu yeyote. Kila mwanafunzi wa ukanda wa ziwa angepaswa kuuchora mchoro huu kwa mkono wake kabla ya kumaliza shule.

Nimalizie barabarani. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita katikati ya Bunda, penye watoto wa shule, baiskeli, bodaboda na makundi ya ng'ombe yanayovuka. Penye makazi sheria inataka kilomita 50 kwa saa; nje ya hapo basi linaruhusiwa kufika 80. Dereva asiyepunguza mwendo husema tofauti ni ndogo na breki zake ni nzima. Tumchukulie kwa neno lake: breki ni nzima, lami ni kavu.

Simulia tukio. Mtoto anaingia barabarani. Dereva anaona, anaelewa, anahamisha mguu. Hiyo inachukua kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo gari linaendelea na kasi yake yote. Baada ya hapo breki zinashika, na kasi inapungua kwa, tuseme, mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. Sekunde ya kushtuka inakula mita 13.9. Umbali wa breki ni kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko hasi: 193 kwa 12, ni mita 16. Jumla mita 30. Kwa kilomita 80, ambazo ni mita 22.2 kwa sekunde, mshtuko unakula mita 22.2 na breki mita 41. Jumla mita 63. Kasi imeongezeka kwa asilimia 60 lakini umbali umezidi mara mbili, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, na breki ndizo zinazopaswa kuimaliza nishati hiyo yote.

Wengi huishia hapo. Wewe endelea kwa swali moja zaidi, lile ambalo mzazi angeliuliza. Tuseme mtoto yuko mita 30 mbele. Gari la kilomita 50 linasimama mbele yake. Lile la 80, likifika alipo, linakwenda kwa kasi gani? Kisia kwanza, wanafunzi wengi watakisia 30 au 40. Hesabu: mita 22.2 za kwanza zimeliwa na mshtuko, zimebaki mita 7.8 za breki. Mraba wa kasi ya mwanzo ni 494. Toa 2 mara 6 mara 7.8, yaani 94. Inabaki 400, na kipeo chake cha pili ni 20. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Palepale ambapo gari moja limesimama kabisa, jingine bado linakwenda kilomita 72 kwa saa, likiwa limepunguza 8 tu.

Nakuachia kazi ya nyumbani. Mvua imenyesha, lami imelowa, msuguano umepungua, na kasi sasa inapungua kwa mita 3 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Simulia, chora, kisia, kisha rudia hesabu yote mwenyewe. Gari la kilomita 50 kwa saa litasimama baada ya mita 46 hivi. La 80 litahitaji karibu mita 105, urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli.